Kiazi cha Baba Mbele ya Sebule Yangu

Nyasi zangu zilidumu miezi minne. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu watu wa kwangu hupenda kusimulia kisa hiki wakinifanya mimi ndiye mkorofi. Nataka ijulikane kwamba nilikuwa na nyasi. Nilizipanda kwa mikono yangu mwenyewe, shina moja baada ya jingine, nikazinywesha kwa ndoo kila jioni nilipotoka kazini, na zilikuwa zimeshika.

Hiyo ilikuwa katika mtaa wa Dallas, mjini Embu, miaka ile kabla ya simu za mkononi. Mimi, mume wangu na watoto tulikuwa tumetoka kwenye nyumba ya kupanga na kuingia kwetu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kamba za nguo, tangi la maji na shimo la taka. Mbele ya sebule kulikuwa na uwanja mdogo, hatua kumi na mbili kwa tisa, na huo niliuweka kuwa wangu. Nilikulia shambani karibu na Nkubu, katika nyumba ambayo ukifungua mlango unakutana na migomba uso kwa uso. Migomba ilipoishia, kahawa ilianza. Ukitaka kuona anga sawasawa ilibidi uende barabarani. Nikiwa msichana niliapa kwamba siku nikipata kwangu nitakuwa na mahali pa kutazama tu, mahali ambapo hakuna mtu atakayenituma jembe. Nilikata picha kwenye gazeti: nyasi, njia ya mawe meupe, waridi kandokando. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Mume wangu akaitazama, akauliza kama mawe meupe yanauzwa au yanaokotwa.

Baba alikuja mwezi wa Septemba.

Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na baba alikuwa akiishi peke yake kwenye ule mteremko wetu. Asubuhi moja aliteleza akishuka mtoni kutazama nduma zake, yaani magimbi, akavunjika mguu. Alilala pale tangu chai ya asubuhi hadi saa ya mbuzi kurudi nyumbani, jirani alipomsikia. Daktari aliyemfunga plasta aliniita kando na kuniambia mimi, si yeye, kwamba asiachwe peke yake tena, maana akianguka mara ya pili huenda asisikiwe mapema. Ndugu yangu wa pekee alikuwa akifanya kazi mbali, akionekana nyumbani Krismasi hadi Krismasi. Kwa hiyo nilisema tutamchukua. Mume wangu alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Aliyekataa ni baba. Kwa watu wa rika lake, mzee kwenda kulala kwa binti aliyeolewa ni aibu. Mzee huja kwa mkwe akiwa amealikwa, anavaa koti, anapewa kiti kizuri, anakula kidogo, anashukuru na kuondoka jua likiwa bado juu. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba ni mpaka mguu upone. Alifika na begi moja la turubai na furushi lililofungwa kwa majani ya mgomba. Nilikuwa nimemwachia upande mzima wa kabati, na hanga sita. Hakutundika hata soksi. Alitoa shati moja kwenye begi, akalivaa, likafuliwa, akalikunja, akalirudisha ndani ya begi, akafunga zipu. Koti lake alilitandika juu ya begi. Kila nilipoingia kufagia chumba chake niliona mtu anayesubiri gari la saa nane.

Siku ya tatu nilirudi kutoka ofisini nikakuta shimo katikati ya nyasi zangu. Si pembeni, jamani. Katikati, mbele kabisa ya dirisha la sebule. Baba alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha jikoni, mguu wa plasta ameunyoosha mbele, akikoroga udongo na samadi kwa mkono. Samadi ameitoa wapi mjini, mpaka leo sijui.

“Baba, hii ni nini?”

“Nauliza wewe. Hii nyasi inakulwa na nani?”

“Ni ya kupendeza tu.”

“Kupendeza nani? Mko na ng'ombe?”

Akafungua furushi lake. Ndani kulikuwa na kichwa cha kiazi kikuu, kile kipande cha juu ambacho hukatwa kiazi kikichimbwa na kurudishwa ardhini kiote tena. Sisi viazi hivi tunaviita ikwa. Alisema hicho kichwa kilitoka kwa baba yake, na kabla ya hapo kwa babu yake, kikichimbwa na kurudishwa, kikichimbwa na kurudishwa. Akakiweka kwenye shimo langu, akakifunika, akachomeka kando yake mti mrefu wa kukiegemeza. Kisha akapangusa mikono, akaniambia maneno ambayo niliyabeba mwaka mzima.

“Mama,” alisema. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mamake. “Mimi nitakaa mpaka nichimbe hiki. Nikikula kiazi yangu hapa, basi, tutaongea. Kikikataa, narudi kwangu, na usinifuate.”

Mtu mzima, msomi, mwenye meza yake ofisini, nikajikuta nimewekwa chini ya amri ya kiazi. Kikiota, baba atakaa. Kikikataa, atarudi kulala kwenye ule mteremko na mguu mbovu. Nilitaka kulia, na nilitaka kukipiga kile kiti teke. Badala yake niliingia ndani kupika.

Kama ingekuwa ni kiazi tu, ningevumilia. Lakini mzee akishapata mahali pa kuweka mkono haachi. Plasta ilipotolewa, terere, ule mchicha wa kwetu, liliota kati ya mawe yangu meupe, na nilipong'oa alinitazama kama nimempiga mtoto. Pale maji ya bafuni yalipotokea alizamisha nduma. Kando ya ua wa kuzungushia uwanja alipanda mbaazi, akaniambia kwamba ni ua ule ule, tofauti ni kwamba huu unajua kazi. Malenge yalitambaa juu ya nyasi zilizobaki, yakazinyima jua, yakapanda waridi zangu mgongoni. Siku moja yalikuwa yameshika kioo cha pembeni cha gari la mume wangu. Mume wangu akatoa ule ukonde wa kutambaa taratibu, akauelekeza upande mwingine, akaenda kazini amechelewa. Nilimuuliza jioni kwa nini hakuukata. Akasema, “Siwezi kukata kitu ya mkwe.”

Akina mama wa kanisa walipokuja kwangu kwa maombi, nilikuwa nimeosha mapazia na kupanga viti ili watazame nje. Walitazama nje. Kisha wakatoka nje. Baba aliwazungusha uwanja mzima, akawavunjia majani ya malenge, akawakatia terere, na mmoja akaondoka na miche ya nduma kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna aliyetaja waridi. Mwenyekiti wao alinishika mkono mlangoni akasema, “Umebarikiwa na shamba mzuri.” Nilimshukuru kwa meno.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi ya malenge, nalo lilikuwa mezani. Baba aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alipakuliwa, akala nusu, akasukuma sahani mbele kidogo na kumwambia mume wangu, kwa Kiswahili, maana mume wangu ni Muembu na wao wawili walipenda kuheshimiana kwa lugha isiyo ya yeyote kati yao, “Asante mkwe, nimeshiba.” Kila siku. Mwaka mzima hakuomba kuongezwa hata mara moja. Nilijua hashibi, kwa sababu kwake nilimwona akimaliza sufuria. Nikimwambia kwamba nusu ya mboga mezani ni mazao yake mwenyewe, anasema hizo ni mboga, na mboga ni mambo ya akina mama. Alizipanda tu kwa kuwa ardhi ilikuwa imekaa bure. Nilichoka. Nilimwambia siku moja, kwa sauti niliyoijutia, kwamba hapa si harusini kwa watu. Akasema, “Najua.” Akafunga kifungo cha koti.

Kiazi chenyewe, namshukuru Mungu, kiliota. Mti wa kukiegemeza nao ukashika na kutoa majani, na ukonde ukaupanda ukizunguka, hadi mwezi wa tano dirisha la sebule likawa na kivuli cha kijani. Niliwasha taa mchana nikishona. Nililalamika, lakini nikipita hapo nilikuwa nahesabu majani. Kila jani jipya lilikuwa siku moja ya baba kukaa.

Mwezi wa nane mzee wa rika lake alifariki kule nyumbani, naye akaenda mazishini. Alisema atakaa wiki tatu, ndugu yangu, mwaka huo peke yake, akiwa likizoni huko, ili atazame na boma lake. Alichukua begi, bila shaka. Alikuwa hajaacha hata kitana. Langoni aligeuka, akakionyesha kiazi kwa kidevu.

“Usiguse.”

Hilo tu. Mtu aliyeweza kuzungumza saa nzima kuhusu samadi, siku hiyo alikuwa na neno moja. Angeongeza mawili tu, nisingeandika haya.

Hapa lazima nieleze ujinga wangu, maana ni ujinga wa namna yake. Nimekula viazi vikuu tangu meno yangu ya kwanza. Lakini kwetu hiyo ilikuwa mimea ya wanaume. Mama alikuwa na viazi vitamu vyake, maharagwe yake, mboga zake, na sisi wasichana tulizijua kama vidole vyetu. Kwenye viazi vikuu tulifukuzwa. Baba alipanda mwenyewe, akachimba mwenyewe, na sisi tulikutana na kiazi kikiwa tayari jikoni. Kilivyoishi huko ardhini hakuna aliyetuambia, wala hatukuuliza.

Basi, siku ya nne baada ya baba kuondoka, majani yalianza kuwa manjano. Wiki ya pili yalikuwa ya kahawia. Nilimwaga maji asubuhi na jioni. Nikanunua mbolea, nikaweka. Nikaosha ukonde kwa maji ya sabuni nikidhani ni wadudu. Kadiri nilivyohangaika ndivyo kilivyozidi kukauka, na nilikuwa nikiliona lile begi kichwani mwangu, limefungwa zipu. Nilimuuliza mume wangu. Akasema, “Hata kwetu Manyatta ni babu alikuwa nazo. Mimi nilipelekwa boarding. Si uulize mtu?”

Kuuliza! Mwanamke wa Nkubu nisimame sokoni Embu niulize watu kiazi kikuu kina ugonjwa gani? Aibu ilinizuia. Aibu ile ile niliyokuwa nikimlaumu baba kwayo, nami nilikuwa nayo tele.

Jumamosi nilichukua jembe nikachimba nione. Jembe lilikikata kiazi katikati kwa pigo la pili. Kilikuwa kidogo, kama ngumi mbili zilizowekwa pamoja, na kwa macho yangu udogo huo ulikuwa ushahidi kwamba kilikufa kikiwa kichanga. Kichwa chake, kigumu, cheusi, chenye mizizi kama nywele, nilikitupa kwenye shimo la taka. Vile vipande viwili nilishindwa kuvipika na nikashindwa kuvitupa. Nikavificha kwenye kikapu jikoni chini ya waru, vile viazi vya kawaida vya sokoni.

Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo uso wangu unapata moto nikilikumbuka. Nilikwenda sokoni, nikachagua kiazi kikuu kikubwa kuliko vyote, chenye udongo udongo, nikaja nikakizika palepale. Nikalainisha udongo. Nikachomeka mwisho wa ule ukonde mkavu juu yake, ili uonekane umetoka hapo. Niliporudi nyuma kutazama, nilijiambia kwamba hakuna anayeweza kujua. Nilijisikia mwerevu sana.

Baba alirudi Ijumaa inayofuata. Hakuingia hata ndani. Alisimama mbele ya ule mti na majani yake makavu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki.

“Kimelala vizuri,” akasema. “Kesho nachimba.”

“Kimelala?”

“Si kinalala kila mwaka! Majani ikikauka ndio unajua kimekomaa.” Akanitazama. “Kwani hukujua kinalala?”

Nilisema nina chungu motoni. Hapakuwa na chungu motoni. Nilisimama jikoni nikiwa nimeshika ukingo wa sinki, nikamkasirikia yeye, mama, nyanyangu, na kila mtu aliyewahi kumfukuza msichana kutoka kwenye shamba la viazi na kisha kumwambia usiguse. Nilijikasirikia mimi zaidi. Ningeweza kutoka na kusema ukweli wakati huo huo. Sikutoka.

Asubuhi alivaa koti. Alimwita mkwe wake, akawaita na watoto wetu wawili, nasi tukasimama kwenye mabaki ya nyasi zangu kama watu wa harusi. Hakutaka jembe. Alipiga magoti polepole, mguu mbovu ukimkatalia, akafukua kwa mti aliouchonga ncha, kisha kwa vidole. Akafika. Akatoa udongo wa juu. Akakizungusha kiazi mkononi, kikubwa, kizuri, kimekatwa juu na chini kwa kisu cha muuzaji.

“Hiki,” akasema, bila kuinua kichwa, “kimechimbwa mara ngapi?”

Mume wangu akatazama barabarani. Mimi nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimweleza maji, mbolea, sabuni, jembe, soko. Nilimwambia angeniambia. Nilimwambia, mbele ya watoto na mkwe wake, kwamba sikutaka arudi kule akaanguke afe peke yake kwenye matope, na kwamba mtu gani huweka maisha yake juu ya kiazi. Nililia kwa hasira, kilio kibaya cha makamasi.

Alisubiri nimalize. “Kichwa kiko wapi?”

Tulikwenda wote kwenye shimo la taka. Mume wangu aliingia ndani yake na viatu vya kazini. Kichwa kilikuwa chini ya maganda ya ndizi, na baba alipokipangusa alituonyesha jicho dogo jeupe lililokuwa limeanza kutokeza ubavuni. Akaniuliza tu kiazi chake chenyewe kilikuwa wapi. Nikaleta vile vipande viwili kutoka chini ya waru.

Alikataa nisimpikie. Aliketi jikoni mwangu akamenya mwenyewe, akakata sehemu nyeusi, akachemsha. Hakikuwa kingi kilichobaki. Alikiweka kwenye sahani, akakileta sebuleni mwenyewe, akichechemea, na akakata. Kipande cha kwanza, kikubwa, alimpa mume wangu kwa mikono miwili.

“Mkwe, karibu. Kula.”

Kisha watoto, kila mmoja chake. Kisha mimi. Sahani ikabaki tupu.

“Baba, na wewe?”

“Mimi nimekula ya watu mwaka mzima,” akasema. “Leo wacha nilishe.”

Alikuwa ameegemea kiti. Mgongo wote. Nilitafuna kile kipande kilichopondeka kwa jembe langu na kilikuwa kikavu, na kizuri. Mwaka mzima nilikuwa nimepigania nyasi, yeye alikuwa akitafuta kitu cha kuweka mbele ya mkwe wake.

Kile kiazi kikubwa cha sokoni baba aliniambia niwapikie wageni wangu wa kanisa, watasifu. Chakula cha mchana, tulipokula githeri, alisukuma sahani mbele. Nikangojea ile asante. Akasema, “Ongeza.”

Kisha akaingia chumbani, nikasikia zipu. Nilipofika mlangoni mashati yalikuwa juu ya kitanda, na yeye ameshika koti lake kwa kola, anatazama kabati.

“Ulisema hizo hanga ni sita?”

Zilikuwa sita. Lakini mwaka ulikuwa umepita, nami nilikuwa nimechoka kungoja, na upande wake wa kabati nilikuwa nimeujaza mapazia, magauni yangu na sare za shule. Nilifungua kila mlango wa nyumba ile nikitafuta. Katika nyumba yangu yote hapakuwa na hanga moja iliyo tupu.

“Basi leta msumari,” akasema.

Ule ukuta nilikuwa nimeupaka rangi Pasaka, kwa mikono yangu, mara mbili. Nikamletea msumari, na nyundo.